Sokwe mtu na binadamu: 98.8, 96 au 85? Namba ipi niiandike ubaoni?

Mwalimu_Bios

Habari za jioni wakuu. Naandaa somo la mageuzi kwa kidato cha sita na namba zinanichanganya. Kitabu cha kiada kinasema vinasaba vya binadamu na sokwe mtu vinafanana kwa asilimia 98.8. Makala nyingine inasema 96. Tangu 2025 watu wanasambaziana ujumbe kwamba ufanano halisi ni 85 tu, na kwamba ile 98.8 ilikuwa uongo tangu mwanzo. Kuna hata mwenye 70.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Hizi namba zilipatikanaje, kwa hatua zipi? Kama mtu na ndugu yake wa tumbo moja wanashiriki nusu ya vinasaba, inakuwaje sokwe apewe 98.8? Na je, kuna zoezi ambalo wanafunzi wanaweza kulifanya wakapata namba kwa mikono yao wenyewe, badala ya kukariri ya kwangu? Shule ina kompyuta chache na intaneti ya kusuasua.

---

Msomaji_Jenomu

Mwalimu, 98.8, 96 na 85 zote zimetoka kwenye kazi za kweli, na hakuna iliyoifuta mwenzake. Zimeachana kwa sababu kila moja imegawanya kwa kitu tofauti. Ya 70 ni kosa la upimaji. Hiyo nawaachia watu wa kompyuta.

Kabla ya kutaja namba yoyote kubwa, andika ubaoni mfano huu mdogo. Panga vipande viwili vya DNA sambamba, juu cha binadamu, chini cha sokwe mtu, safu 100. Katika safu 87 herufi za juu na chini zinalingana. Safu moja ina A juu na G chini. Safu 12 zilizobaki zina herufi juu na nafasi tupu chini, kwa sababu kipande hicho ama kilifutika kwa sokwe ama kilipachikwa kwa binadamu. Waulize wanafunzi: ufanano ni kiasi gani?

Ukihesabu safu zenye herufi pande zote mbili tu, unapata 87 kwa 88, yaani asilimia 98.9. Ukilihesabu pengo lote kuwa tukio moja, maana huenda lilitokea kwa mkupuo mmoja, unapata 87 kwa 89, yaani 97.8. Ukihesabu kila herufi iliyomo kwenye pengo, unapata 87 kwa 100, yaani 87. DNA haijabadilika hata herufi moja kati ya hesabu ya kwanza na ya tatu.

Anayezijua hati za tenzi za pwani ataelewa haraka. Mnakili akikosea herufi moja katika neno, ni kosa moja. Akiruka ubeti mzima, amekosea mara moja, au amekosea vipande vinne, au mizani 32? Lazima uamue kwanza unahesabu nini, kisha ndipo useme nakala mbili zinafanana kwa kiasi gani.

Sasa namba zenyewe. Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson walikusanya vipimo vya protini na DNA vilivyokuwepo wakati huo, wakaonyesha kuwa protini ya kawaida ya binadamu inafanana na mwenzake wa sokwe mtu kwa zaidi ya asilimia 99. Watu huikumbuka namba na kuisahau hoja. Hoja yao ilikuwa kwamba protini zikifanana kiasi hicho, tofauti kubwa za umbo na tabia lazima zitafutwe zaidi kwenye udhibiti wa jeni: inawashwa lini, wapi, na kwa nguvu gani.

Mwaka 1984 Charles Sibley na Jon Ahlquist walitumia joto. DNA ya spishi mbili huchanganywa, hupashwa moto hadi nyuzi zake ziachane, hupozwa ili uzi wa binadamu uungane na wa sokwe, kisha hupashwa tena polepole kuona zinaachana kwenye joto gani. Nyuzi zisizolingana vizuri huachana mapema. Kila digrii moja ya Selsiasi inayopungua ilichukuliwa kuwa takriban asilimia moja ya tofauti. Lakini kabla ya kupima, DNA inayojirudiarudia iliondolewa. Kwa hiyo sehemu zinazobadilika kwa kasi kubwa hazikuingia kwenye kipimo kabisa.

Mwaka 2002 Roy Britten alichukua vipande vitano vya DNA ya sokwe mtu, jumla herufi 779,000, akahesabu kwa njia mbili. Herufi zilizobadilika zilikuwa asilimia 1.4. Herufi zilizomo kwenye mapengo ziliongeza asilimia 3.4. Ndiyo maana akaandika 95 badala ya 98.5.

Kisha tarehe 1 Septemba 2005 ikatoka rasimu ya jenomu nzima (yaani DNA yake yote) ya sokwe mtu, iliyosomwa hasa kutoka kwa dume aitwaye Clint aliyekuwa akitunzwa kituo cha Yerkes, Atlanta. Tofauti za herufi moja moja zilikuwa milioni 35 hivi, na kwenye sehemu zilizopangika vizuri zilifikia asilimia 1.23. Hapo ndipo 98.8 ya kitabu chako ilipotoka. Mapengo yalikuwa kama milioni 5, machache sana kwa idadi, ila herufi zilizomo ndani yake ni karibu asilimia 3. Jumlisha, utaona 96 imetoka wapi. Ni utafiti uleule, makala ileile, namba mbili.

Wengi hawataji kwamba sehemu ya ile 1.23 ni tofauti za ndani ya spishi, yaani kati ya sokwe na sokwe au mtu na mtu. Ukiziondoa, tofauti ambazo binadamu wote wako upande mmoja na sokwe wote upande wa pili ni karibu asilimia 1.06.

---

Sentromia

Naongezea ya 2025, maana ndiyo inayopotoshwa zaidi.

Rasimu ya 2005 ilisomwa kwa vipande vifupi vya herufi mia kadhaa. Ukiwa na neno lililojirudia mara elfu kumi mfululizo, na kila kipande chako kina marudio machache tu, huwezi kujua kipi kinakaa wapi. Kwa hiyo maeneo hayo yaliachwa wazi, yakajazwa herufi N. Teknolojia mpya husoma vipande vya herufi elfu kumi na kitu kwa usahihi mkubwa, na vingine vya zaidi ya herufi laki moja. Kwa njia hiyo jenomu ya binadamu ilikamilishwa kutoka ncha hadi ncha mwaka 2022, ikawa na herufi bilioni 3.05 hivi. Aprili 2025 zikafuata za sokwe mtu, bonobo, gorila, orangutani wa aina mbili na siamangi, kwenye jarida la Nature.

Kwenye sehemu zinazopangika moja kwa moja, tofauti ya herufi moja moja kati yetu na sokwe mtu ilitoka karibu asilimia 1.5. Haiko mbali na ya 2005. Jipya ni kwamba sasa unaweza kuuliza: ni kiasi gani cha jenomu hakipangiki kabisa na cha mwenzake, moja kwa moja? Jibu lilikuwa asilimia 12.5 hadi 27.3, ikitegemea spishi zipi unalinganisha. Binadamu na sokwe mtu wako upande wa chini wa kipimo hicho, gorila upande wa juu. Mtu akachukua kama 13, akajumlisha 1.5, akatoa kwenye 100, akatangaza 85.

Hiyo asilimia kumi na kitu ina nini ndani? Kwanza sentromia, pale kromosomu inaposhikwa seli ikigawanyika. Kwetu na kwa sokwe zimejengwa kwa kipande cha herufi 171 kilichojirudia maelfu ya mara, na idadi ya marudio hubadilika haraka sana. Pili kofia za nchani: kromosomu nyingi za sokwe mtu na gorila zina rundo la kipande cha herufi 32 karibu na ncha zake, na binadamu hana hata moja. Tatu mikono mifupi ya zile kromosomu zenye sentromia pembeni. Nne maeneo yaliyojinakili, ambako jeni moja inaweza kuwa na nakala mbili huku na nane kule. Ukikuta nakala mbili dhidi ya nane, ipi ni mwenza wa ipi? Programu haiwezi kuamua, inaandika "haipangiki". Hilo halina maana kwamba upande wa pili hakuna kitu kinachofanana nacho.

Kipimo hicho ukikitumia kwa binadamu na binadamu, nao wanaachana kuliko tulivyozoea kusema. Mradi wa jenomu elfu moja ulionyesha mwaka 2015 kwamba mtu wa kawaida hutofautiana na jenomu rejea, ile ya kulinganishia, kwenye sehemu milioni 4.1 hadi 5.0, karibu zote zikiwa herufi moja moja au mapengo madogo. Lakini mabadiliko makubwa ya muundo, ambayo ni 2,100 hadi 2,500 tu, yaligusa herufi kama milioni 20. Kwa hiyo anayetaka kutumia 85 kwa sokwe asiiweke kando ya 99.9 ya mtu na mtu. Hiyo 99.9 ni hesabu ya herufi moja moja. Mwenza wake halali ni 98.8, au 98.5 ya sasa.

Kromosomu Y ni mfano uliokithiri. Mwaka 2010 Jennifer Hughes na David Page walionyesha kuwa zaidi ya asilimia 30 ya eneo la kiume la Y ya sokwe mtu halina mwenza anayepangika kwenye Y yetu. Hakuna aliyesema kwa ajili hiyo kwamba madume ya sokwe yako mbali nasi kuliko majike.

---

Mwalimu_Bios

Nashukuru sana. Mfano wa safu 100 naanza nao kesho. La ndugu wa tumbo moja bado.

---

Msomaji_Jenomu

Hilo ni neno moja kutumika kwa vitu viwili. Kwa kuhesabu herufi, wewe na ndugu yako mnafanana kwa zaidi ya 99.9. Ile nusu ni kitu kingine: kwa wastani nusu ya jenomu yenu ni vipande mlivyorithi kutoka nakala ileile ya baba au ya mama. Hapo hatuulizi kama herufi zinalingana. Tunauliza kama zimetoka kwenye nakala ileile kizazi kimoja tu nyuma. Ukiwapima wewe na jirani asiye na undugu nawe kwa njia hiyo, mnapata karibu sifuri, ingawa herufi zenu zinalingana kwa 99.9. Kwa hiyo asilimia 50 ya ndugu na 98.8 ya sokwe zisiwekwe kwenye jedwali moja kamwe.

Na ile ya "tunafanana na ndizi kwa nusu" nayo ina kipimo chake cha tatu: inahusu jeni ambazo zina mwenza anayetambulika kwa upande wa pili, hata kama mpangilio wa protini zake umeachana sana. Sio herufi kwa herufi.

---

Hesabu_za_Jeni

Zoezi la mikono. Nakupa la karatasi na la kompyuta.

La karatasi halihitaji intaneti zaidi ya siku moja ya kuchapisha. Chukua hemoglobini, mnyororo alfa wenye asidi amino 141 na beta wenye 146. Chapisha mpangilio wa binadamu, sokwe mtu na gorila, mstari chini ya mstari, asidi amino 10 kwa kila kundi ili macho yasipotee. Wanafunzi watakuta binadamu na sokwe mtu hawana tofauti hata moja, na gorila ana tofauti moja katika kila mnyororo. Ongeza saitokromu c yenye asidi amino 104: binadamu na sokwe mtu ni sawasawa, nyani rhesus ana tofauti moja, farasi 12.

Ukiishia hapo umewapotosha, maana wataondoka na asilimia 100. Protini hizi zina kazi nyeti, mabadiliko mengi yanaziua, kwa hiyo hubadilika polepole. Basi wape FOXP2, protini ya asidi amino 715 inayohusishwa na usemaji. Binadamu na sokwe mtu wanatofautiana kwa asidi amino mbili, yaani 713 kwa 715, asilimia 99.7, ukiacha eneo la glutamini zilizojirudia ambalo urefu wake hubadilikabadilika. Waulize kwa nini tumeliacha hilo eneo. Ni swali lilelile la pengo, limerudi kwa mlango wa nyuma.

Mwisho wape HAR1, kipande cha DNA cha herufi 118 ambacho hakitengenezi protini yoyote. Sokwe mtu na kuku, walioachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wanatofautiana kwa herufi 2 tu. Binadamu na sokwe mtu wanatofautiana kwa 18. Hiyo ni 100 kwa 118, asilimia 84.7. Protini ya hemoglobini inakupa 100, HAR1 inakupa 84.7, na hakuna aliyekosea kuhesabu.

La kompyuta: usijaribu jenomu nzima. Mafaili ni gigabaiti tatu kila moja kabla ya kubanwa, na kumbukumbu ya kompyuta za shule haitatosha. Chukua kromosomu 21 ya binadamu na mwenza wake. Ni herufi kama milioni 45, megabaiti 45 hivi kabla ya kubanwa. Kromosomu hii ina faida nyingine: ililinganishwa kwa mkono wa makini mwaka 2004, kwa hiyo una jibu la kujipima nalo. Matokeo yalikuwa asilimia 1.44 ya herufi zilizobadilika katika herufi milioni 33.3 zilizosomwa, na mapengo karibu 68,000.

Pakua faili la kromosomu kwa mfumo wa FASTA, la binadamu kutoka jenomu T2T-CHM13, la sokwe mtu kutoka mPanTro3. Weka programu minimap2, inayopanga DNA mbili sambamba, na k8, ambayo huendesha paftools.js, ya kuhesabu tofauti. Kisha:

minimap2 -cx asm20 --cs -t 4 binadamu.fa sokwe.fa > linganisha.paf

sort -k6,6 -k8,8n linganisha.paf | paftools.js call - > tofauti.txt

Faili la kwanza ndilo rejea, la pili ndilo linalopangwa juu yake. Mwishoni paftools huandika kwenye skrini idadi ya herufi za rejea zilizofunikwa mara moja tu, idadi ya herufi zilizobadilika, na mapengo kwa makundi ya urefu. Gawanya zilizobadilika kwa zilizofunikwa, umepata asilimia ya kwanza. Kisha fungua tofauti.txt, jumlisha urefu wa mapengo yote, rudia hesabu. Kisha toa herufi zilizofunikwa kwenye milioni 45, uone ni ngapi hazikupangika kabisa. Kwa faili mbili wanafunzi watakuwa na namba tatu, za aina zilezile za 98.8, 96 na 85 ulizoanza nazo.

Mahali pa kukosea ni pengi. Ukiandika asm5 badala ya asm20, programu inategemea mpangilio wenye tofauti ndogo sana kama ya mtu na mtu, inaacha sehemu zilizoachana, na namba yako inapanda bila haki. Paftools isipoambiwa vinginevyo hutafuta tofauti kwenye mpangilio wenye urefu wa herufi 50,000 na kuendelea tu, na kufunika huhesabiwa kuanzia 10,000. Ukizishusha kwa -L na -l utapata vipande vingi zaidi, ila vingi vitakuwa vya marudio yaliyopangwa mahali pasipo pake. Ukitumia jenomu ya zamani yenye N, hakikisha N hazihesabiwi kuwa tofauti. N maana yake ni "haijasomwa".

Sasa ile 70. Njia moja ya kuipata ni hii: unakatakata kromosomu ya sokwe vipande vidogo, unavitafuta kwenye jenomu ya binadamu kwa programu iliyokatazwa kuruka pengo. Kila kipande kikikutana na pengo la kwanza, ulinganishaji unakatika pale pale na kilichobaki kinahesabiwa kuwa hakifanani, hata kama herufi zote mbele ya pengo zinalingana. Kipande cha herufi 400 chenye pengo la herufi moja kwenye nafasi ya 250 kitahesabiwa 250 kwa 400. Kwa njia hiyo hata mtu na mtu hawatafika 99.9.

---

Maabara_ya_Pwani

Ningependa wanafunzi wasiishie kwenye asilimia, maana haisemi tofauti zinafanya nini. Tofauti nyingi kati ya zile milioni 35 hazifanyi chochote kinachoonekana. Chache zina uzito mkubwa, na kadhaa zinafundishika vizuri kwetu.

Ya kwanza ni CMAH. Wanyama wengi, sokwe mtu akiwamo, hutumia kimeng'enya hiki kutengeneza sukari ya juu ya seli iitwayo Neu5Gc kutoka Neu5Ac. Kwa binadamu kipande cha herufi 92 kilifutika, jeni ikafa, tukabaki na Neu5Ac peke yake. Vimelea vya malaria hushika sukari za chembe nyekundu za damu. Plasmodium reichenowi anayewapata sokwe hupendelea Neu5Gc. Plasmodium falciparum anayetuua sisi hupendelea Neu5Ac. Pengo moja la herufi 92. Kwa hesabu ya 2005 ni tukio moja kati ya milioni tano, na halimo kabisa kwenye 98.8.

Ya pili ni AMY1, jeni ya amilesi ya mate inayoanza kumeng'enya wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Sokwe mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Binadamu wana nakala nyingi zaidi, na idadi hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa wastani ikiwa juu zaidi katika jamii zenye historia ndefu ya kula vyakula vya wanga. Ukilinganisha herufi za nakala moja na nakala moja, karibu huoni kitu. Tofauti iko kwenye idadi. SRGAP2 na NOTCH2 ni za aina hiyo pia: ukoo wetu ulipata nakala za ziada, nazo zinafanya kazi kwenye ubongo unaokua.

Ya tatu inarudi kwa King na Wilson. Mwaka 2011 zilitangazwa sehemu 510 ambazo sokwe mtu na wanyama wengine wanazo, zimehifadhiwa kwa mamilioni ya miaka, na binadamu amezipoteza. Karibu zote haziko kwenye sehemu zinazotengeneza protini, ziko mahali pa swichi. Moja iko karibu na jeni ya kipokezi cha homoni za kiume, na kupotea kwake kunahusishwa na sisi kukosa masharubu ya hisia kama ya paka.

Na kromosomu: sisi 46, sokwe, bonobo na gorila 48. Kromosomu yetu ya 2 ni mbili za babu zilizoungana ncha kwa ncha. Mwaka 1991 mahali pa kiungo palisomwa, pakakutwa mpangilio TTAGGG wa nchani umegeuziana uso na mwenzake, katikati ya kromosomu, ambako ncha haipaswi kuwepo. Kuna pia mabaki ya sentromia ya pili isiyofanya kazi. Lakini jeni karibu zote zipo pande zote mbili. Kuungana kulibadilisha mafungu, hakukupoteza maktaba.

---

Msitu_wa_Kigoma

Neno moja la lugha, Mwalimu, kwa sababu darasani linaharibu mengi. Usiruhusu "binadamu alitokana na nyani". Nyani ni yule wa barabarani anayeiba mahindi, ana mkia, na alikwishaachana na ukoo wetu zamani mno. Sokwe mtu hana mkia. Wala hatukutokana na sokwe mtu wa leo: sisi na yeye tuna babu mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tangu hapo kila upande umebadilika kwa kiasi chake. Tofauti milioni 35 zimegawanyika karibu nusu kwa nusu.

La pili: sokwe mtu yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyo karibu na gorila. Wengi hubisha wakisikia, kwa kuwa macho yanawaona sokwe na gorila wakifanana. Ila usiseme "kila mahali kwenye jenomu". Jenomu ya gorila ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kwenye karibu asilimia 30 ya jenomu, ama sisi ama sokwe mtu yuko karibu zaidi na gorila. Spishi tatu ziliachana kwa kupishana muda mfupi, na aina za jeni zilizokuwepo kwa mababu hazikugawanywa kwa usafi.

Sokwe wa Gombe na Mahale, pamoja na wa Kibale, Nyungwe, Kibira na mashariki ya Kongo, ni wa nususpishi moja, ya mashariki. Bonobo wako kusini ya mto Kongo peke yao. Ukaribu huu wa vinasaba una gharama yake msituni: virusi vya mafua na kifua vya binadamu huwapata sokwe moja kwa moja na huwaua. Mahale walikufa hivyo mwaka 2006. Ndiyo sababu mgeni huambiwa avae barakoa, akae mita 10, na mwenye kikohozi asipande. Ukiwapeleka wanafunzi huko, waeleze sababu kabla ya kufika.

---

Mwalimu_Bios

Hesabu_za_Jeni, nimepakua kromosomu 21 ya binadamu na kromosomu 21 ya sokwe mtu kutoka mPanTro3. Amri zote mbili zimepita bila kulalamika, lakini paftools inasema herufi zilizofunikwa ni 0. Faili la linganisha.paf lina mistari, sio tupu.

---

Hesabu_za_Jeni

Umelinganisha kromosomu zisizo wenza. Sokwe mtu ana jozi 24, na kuna mifumo miwili ya kuzipa namba. Jenomu nyingi za zamani ziliziita zile mbili zinazolingana na 2 yetu 2A na 2B, ili nyingine zote zibaki na namba kama zetu. Mfumo mwingine huzihesabu kwa utaratibu wa sokwe mwenyewe, mwenza wa 21 yetu akawa 22. Ile kazi ya 2004 iliitwa ya "kromosomu 22 ya sokwe" kwa sababu hiyo. Kwenye mfumo huo namba 21 ni mwenza wa 20 yetu.

Mistari uliyoiona kwenye linganisha.paf ni marudio mafupi yaliyotawanyika kila mahali kwenye jenomu. Hakuna hata mmoja unaofika herufi 10,000, ndiyo maana kufunikwa kumetoka 0. Angalia safu ya 11 ya faili, urefu utauona humo. Pakua 22, uendeshe amri zilezile. Mpangilio ukiwa sahihi, safu hiyo itaonyesha urefu wa malaki na mamilioni, na sehemu kubwa ya kisichofunikwa itakuwa kwenye mkono mfupi na sentromia.